Kuni Walizoniletea Nikiwa Hai

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Kwa mama yangu wa Kinyala,

Shikamoo mama. Mugonile. Natumaini kifua kimekuachia na hiyo baridi ya huko, na kwamba yule ng'ombe mwenye mimba ameshazaa salama. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na nikiandika kwamba hapa ni salama tu, hofu ni kwako, nitakuwa nakudanganya. Nina hasira mama, na niliyemkasirikia ni wewe.

Nimeona niandike kwa sababu simu imeshindikana. Ukiona namba yangu hupokei. Nikipiga kwa dada Sekela anaweka sauti kubwa, namsikia shemeji akikohoa palepale, watoto wanachekeana, na haya mambo yangu siwezi kuyasema mbele ya shemeji. Basi nampa kondakta wa basi la Kyela bahasha hii pamoja na kitenge chako, Sekela atavipokea Kiwira. Usome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee, macho bado unayo na Kiswahili unakijua vizuri, hata kama mbele ya watu unajifanya hukijui.

Kazi ipo. Sasa hivi tunashona sare za shule, kutwa nzima tumeinamia cherehani hadi mgongo unakataa. Bosi wetu ni mtu wa kelele lakini ruhusa ya upasuaji amenipa bila kuuliza maswali mengi. Mtu baki, mama. Aliniuliza tu kama nitarudi kazini nikipona.

Sasa nianze na lile ambalo hukunipa nafasi ya kulimaliza.

Wewe unajua nilivyo. Titi la kushoto ni dogo, jembamba kwenye shina, limechomoza mbele na kuinamia chini. La kulia lina nafuu kidogo. Ndiyo maana sidiria zangu nashona mwenyewe na upande mmoja natia sponji, ndiyo maana hata kwenye joto hili la Dar navaa blauzi mbili. Nimekwenda hospitali si mara moja. Daktari mmoja alinipa dawa za jipu. Mwingine alinipapasa akasema hakuna uvimbe, nenda nyumbani, huumwi. Nesi mmoja, dada wa watu mwenye roho nzuri tu, akaniambia nikizaa yatajaa yenyewe. Nizae na nani, mama, wakati hata kuvua blauzi mbele ya mtu siwezi?

Mwaka huu ndipo nilipofikishwa kwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Ni mwanamke, mdogo kuliko Sekela. Alinitazama nimesimama, akaniambia niinue mikono, akapima kwa utepe kama mimi ninavyopima wateja, kisha akaniambia hali hii ina jina lake hospitalini na mimi si mgonjwa wa kwanza kumjia nayo. Nililia palepale kwenye kiti. Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu duniani.

Alinieleza hivi, na wewe nakueleza kwa lugha ya cherehani. Ukitia lastiki inayobana mno kwenye kiuno cha gauni, kitambaa kinakosa pa kutandaa, kinajikusanya na kutoka mbele. Ndani ya titi langu, chini kwenye shina, kuna ukanda mgumu uliobana namna hiyo. Mtu anazaliwa nao, unakuja kujionyesha anapopevuka. Si laana, si uchawi, si kwa sababu nilibeba mizigo ya ndizi kifuani kama alivyokuwa anasema shangazi. Daktari atapasua kwa kuzungukia ule weusi wa chuchu, atakata ule ukanda ndani mahali pengi ili nyama iachie na kutandaa, weusi uliopanuka ataupunguza, na pale palipopungua ataweka kifuko cha silikoni. Hakunidanganya. Alisema kovu litabaki, huenda nikahitaji kurudi mara ya pili, mawili hayatalingana kama mapacha, na kama maziwa yalikuwa yatoke kidogo, upasuaji hautayaongeza. Nikamwambia nimeelewa, nipange.

Ndiyo habari niliyokuja nayo likizo. Nilisubiri tubaki wawili jikoni. Nikasema, mama, nitafanyiwa upasuaji wa titi. Ukafunika sufuria, ukatoka nje kwenye mvua, hukurudi hadi viazi vikaungua. Nilijua unamkumbuka mama mdogo Tupokigwe, jinsi saratani ilivyomla hadi mwisho, na wewe ndiye uliyemuuguza. Nikakufuata migombani kukueleza kwamba si hiyo. Ukanikatiza, ukasema, "Nyamaza mwanangu, usilitaje." Nikanyamaza kwa kukuonea huruma.

Kumbe ulikwenda kulitaja wewe, tena kanisani.

Siku ile ya Jumapili mchana nilikuwa nafua. Nikawaona kinamama wanapanda njia ya kwetu mmoja nyuma ya mwingine, vitenge viunoni, mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa mgando, na kila mmoja ana mzigo wa kuni kichwani. Mama, mimi nimezaliwa Kinyala. Najua kuni huletwa wapi kwa wingi ule. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikakimbia kuwapokea, nikamuuliza Mama Lusajo, mwenyekiti wenu wa kinamama kanisani, "Jamani, nani amefariki?"

Mmoja akaanza kulia, akanishika mashavu kwa mikono yake yote miwili, akasema bado kijana huyu, Kyala, Mungu wangu, bado kijana. Ndipo nikaelewa kwamba maiti ni mimi.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka, umejifunga kitambaa kichwani kama mfiwa. Wakaimba. Wakaomba. Nami nikaona heri niseme kweli kuliko kuombolezewa na watu wazima na akili zao. Nikasimama nikaeleza kama nilivyokueleza hapo juu, kwa adabu, bila kutaja yasiyotajika. Nilipomaliza, Mama Lusajo akaniuliza, "Kwa hiyo huumwi?"

"Siumwi saratani, mama."

"Nimekuuliza, unaumwa?"

"Hapana. Ila nateseka."

"Basi ni urembo," akasema, akawageukia wenzake. "Uzuri wa mwanamke ni tabia. Tumetoka na mvua hii kwa ajili ya urembo."

Chai hawakumaliza. Na yule aliyekuwa ananishika mashavu, mama, yule yule, akachukua mzigo wake wa kuni akarudi nao. Nilipokuwa nakufa walinipenda. Nilipopona tu, nikawa mwenye dhambi. Hebu niambie kosa langu hapo ni lipi, kwa sababu ulisema nimekutia aibu na niende kwa kila mmoja nikaombe radhi. Niombe radhi kwa kutokufa?

Sikwenda. Na siendi.

Siku ya kurudi Dar ulinisindikiza hadi Kiwira kupanda basi. Tukajibanza na mvua kwenye baraza la Bi Mwajuma, muuza vitenge. Yeye ndiye pekee aliyeniuliza mimi mwenyewe: "Nasikia unaumwa, mwanangu, unaumwa nini?" Nikamweleza kwa kifupi. Akasema, "Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi," akaendelea kukunja vitenge vyake. Imekwisha. Haikuhitaji kuni.

Halafu basi likaonekana linashuka, ukanivuta pembeni ukaninong'oneza kwa Kinyakyusa maneno ambayo tangu siku ile hayanipi usingizi. Ulisema hata wewe la kushoto liko hivyo. Kwamba bibi mzaa baba aliliona ulipokuwa unamnyonyesha Sekela, mtoto analia hashibi, bibi akawaambia majirani kwamba mwanawe ameoa mwanamke mwenye titi la mbuzi. Kwamba Sekela ilibidi alelewe kwa maziwa ya ng'ombe, na ukoo mzima ukakuita mvivu wa kunyonyesha. "Nimevumilia, nimezaa, nimelea," ulisema. "Na wewe vumilia." Kondakta akanisukuma ndani, mlango ukafungwa.

Mama, ulijua.

Nilipokuwa msichana ulikuwa unaniletea maji ya kuoga hadi mlangoni, unageuza uso, unaondoka. Nikafikiri ni heshima. Kumbe ulikuwa unajua nilichokuwa nakificha mle ndani, ukaniacha nikifiche peke yangu. Neno moja tu lingetosha. Ungesema hata mimi, nisingehesabu kwamba Mungu alinikosea. Wahenga walisema mficha uchi hazai, sisi tumeficha na kuzaa, na tuliowazaa tukawafundisha kuficha. Kwa umbile hili sikulaumu wewe, hukunipa kwa kupenda, na daktari mwenyewe hajui kama linafuata ukoo. Maneno ya bibi nayo si yako. Kinachoniuma ni kwamba uliumia hivyo, ukajua uchungu wake, halafu ukaniambia niubebe na mimi kwa sababu wewe uliubeba.

Nimesikia kwa Sekela ulichosema juzi: akitaka kukatwa akatwe, mimi siendi Dar. Sawa. Lakini nakuomba ufikirie upya, kwa sababu hata ukikataa nitaingia chumba cha upasuaji, ila nitaingia nikiwa nimekasirika na mama yangu, na sitaki hivyo. Upasuaji ni Jumanne ya wiki ijayo, si hii ya keshokutwa. Nauli Sekela anayo. Ukipanda basi Kiwira asubuhi nitakupokea mwenyewe stendi, utalala kitandani kwangu, mimi godoro la chini linanitosha. Kinamama ukiona vigumu kuwaaga, waambie unakwenda kumwona mwanao. Huo si uongo.

Nisalimie dada Sekela, mwambie kitenge chake yeye kinafuata. Nisalimie shemeji, na wale watoto wanaocheka kwenye simu. Nisalimie shangazi wa Kawetele, umwambie ndizi hazikuhusika. Kaka yetu wa mashamba ya chai akipita hapo nyumbani, mwambie asinitumie tena ujumbe wa pole. Na Mama Lusajo pia nisalimie. Sina ugomvi naye, alidanganywa kama mimi.

Jana nilikwenda hospitali kuonyeshwa wodi. Nesi akaniambia baada ya upasuaji mikono haitainuka kwa siku kadhaa, nitahitaji mtu wa kunivua nguo, kuniogesha na kunivisha, akaniuliza ni nani. Shoga yangu wa kazini amejitolea, na ningeweza kumtaja yeye. Nilimtaja mama yangu. Nilisema atakuja, na sijui kama nilisema kweli. Lakini nimewaza sana, mama, na hakuna mtu mwingine chini ya jua ambaye nikivuliwa nguo mbele yake sitalazimika kueleza kitu.

Mwanao anayekusubiri stendi,

Atuganile