Kidole cha Bibi Kiliangukia Mstari Mwingine

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na jina langu ulifiche, maana Misigiri ni ndogo na kanisani tunajuana wote. Nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani na bibi yangu. Kwetu jambo likiwa zito, Biblia hufunguliwa macho yakiwa yamefumbwa, na mstari ambao kidole kimeangukia ndio jibu la Mungu. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, akaogopa upasuaji, nami nikamweleza nilivyofundishwa shuleni kwamba ugonjwa huo unatibika, baba mdogo Melkizedeki akanicheka, "Wewe na sayansi yako ya fomu foo! Neno liamue," basi bibi akafumba macho, akafungua, akaweka kidole, nikaambiwa nisome mimi.

Mama mshauri, kidole kiliangukia majina ya ukoo, fulani akamzaa fulani. Nikajua watasema Mungu amenyamaza, asiende, nikatunga: "Inuka uende, nawe utaona." Wote wakasema amina. Bibi akapasuliwa mjini, sasa anaona hadi ananitania, "Mjukuu wangu, kumbe una chunusi hivyo, na mimi nilikuwa nakusifia kwa watu!" Nacheka huku moyo unaniuma. Jumapili atatoa ushuhuda kanisani, na kwa kuwa alisoma kisomo cha watu wazima anataka ausome mstari ule mwenyewe, kila siku ananiambia nimwonyeshe, nami najibu bado nautafuta. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimeua imani yake? Na je, kutaka ushahidi wa Neno ni dhambi? Maana tangu siku ile kila likisomwa najiuliza nani katunga, naona aibu hata kuomba.

Binti wa Misigiri

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka kwa hizo chunusi, kisha nikakasirika. Ulimpenda bibi yako, nimeona. Lakini ulimwekea Mungu maneno mdomoni, na hapo huna utetezi, hata kama jicho limepona. Wakubwa wako nao wasijifiche nyuma yako: kufungua kitabu kwa kubahatisha ni woga wa kufikiri, si imani.

Kutaka ushahidi si dhambi. Yapo tusiyoweza kuyapima, na hapo mtu huamini au haamini. Lakini kama mstari umeandikwa au haukuandikwa, hilo linapimika. Kabla ya kupanda alizeti, hamwoteshi kwanza mbegu chache kwenye kitambaa kibichi kuona kama zitaota? Nani aliwahi kusema kwa kufanya hivyo mmemdharau Mungu aletaye mvua?

Sasa acha kusema unautafuta. Kesho, baba mdogo akiwa shambani, mkalishe bibi, mfungulie ukurasa ule ule, asome mwenyewe pale kidole chake kilipoangukia, kisha umwambie ulichofanya. Akikufokea, usikimbilie kwa jirani. Kaa. Kutoa ushuhuda au kutotoa ni juu yake. Jicho limepona kweli, na hata kwa mkono wa daktari Mungu hushukuriwa. Ila usimwache asimame Jumapili na uongo wako mdomoni mwake. Siwezi kukuahidi kwamba imani yake haitatikisika. Ikitikisika, na itikisike nyumbani, wewe ukiwa umemshika mkono.