Blanketi la Mashine ya Tukuyu

Mdogo wangu Neema,

"Mashine ya Tukuyu ni goigoi, ikatwe kwenye gridi yetu ya kompyuta." Ndivyo alivyotamka bosi wenu Zabroni, na nyote mkakubali. Goigoi ni ninyi! Huku Tukuyu mvua haijapumzika tangu nishuke kwenye basi, soksi hazikauki, na mashine nimeikuta imevikwa blanketi zito kama mtoto mwenye homa.

"Mama Tusa, nani kaifunika hivi?" nikamuuliza mtunza maabara wa chuo cha hapa, inapokaa mashine.

"Mimi, baba. Unyevu wa kwetu unaua hata redio. Niiache uchi?"

"Sasa inapumulia wapi?"

"Mbona wewe umevaa makoti mawili na unapumua!"

Nilicheka, kisha hasira ikarudi. Mashine ikipata joto hupunguza kasi ili isiungue. Na kwa kuwa kwenye gridi kazi moja tumeigawa vipande kwa kompyuta zote, mashine za miji mingine zikimaliza vipande vyao hukaa zikiisubiri hii. Nyie kwenye skrini mnaona alama ya kijani, yaani imewashwa, basi! Joto hampimi, kasi hampimi, lakini hukumu mnatoa. Mkiikata, chuo hiki kitapigia wapi hesabu zake za mvua?

Blanketi tumeliondoa, na kazi inakimbia. Mama Tusa kanishindilia ndizi na maharage. Mkungu wako wa ndizi upo, nitakuletea.

Nakukumbuka, mdogo wangu. Msomee Zabroni na wenzake kwa sauti: wekeni kipimo cha joto na cha kasi kwenye kila mashine, na Tukuyu msiiguse!

Kaka yako,
Ambele