Maneno Unayonitafutia

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakufikia ukiwa mzima, na ule mgongo unaokusumbua kwa kuwainua wazee vitandani umekupa likizo kidogo. Wasalimie wazee wako wote wa hayo makao ya ng'ambo, hasa yule Mwalimu wa chumba cha mwisho, umwambie huku ana wanafunzi asiowajua. Sisi tunamshukuru Mungu. Bibi anakula vizuri, na mimi nimenenepa, ingawa Fundi anasema ni koti la kazi lililosinyaa kwa kufuliwa.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Vumilia kidogo, sababu utaiona.

Karakana yetu ya mabango ni ileile: meza ndefu, mashine ya kukatia plastiki, na ule ukuta wa misumari uliotundikwa herufi zilizobaki kwa wateja walioagiza bango kisha wakaingia mitini. Fundi hatupi kitu, unamjua. Mteja asiye na jina la duka hupewa nafuu akikubali neno lenye herufi zile tulizonazo, nasi tunakata zilizopungua tu. Na kwa kuwa kila mwenye duka siku hizi anataka bango la Kiingereza, hata kama anauza mkaa, kazi ya kulisaka hilo neno imekuwa yangu. Yaani yetu, mimi na wewe.

Yule muuza magodoro aliyekuta D, R na M ukutani anakusalimu. Fundi alikuwa ameshikilia DRUM, maana lilihitaji kukata U peke yake. Nikamwambia godoro linaloitwa ngoma halimlazi mtu. Wewe ukanitumia DREAM, ndoto, kabla sijamaliza chai, na mwenye duka akalitazama bango lake hadi nikamwonea wivu.

La kinyozi sikukusimulia lote, kwa kuwa nilimwonea haya Fundi. Zilikuwepo R, S, H, N na E, nyekundu, kubwa. Ulikuwa zamu, simu hupokei. Fundi akaona asishindwe na msichana na mama yake, akafungua kamusi mwenyewe, akaibuka na HARNESS. Kinyozi akalipenda jinsi linavyotamkika. Likatundikwa, watu wakanyolewa chini yake, mpaka dereva mmoja wa lori, akiwa na povu shingoni, akauliza kama hapa wananyolewa watu au wanafungwa farasi, maana hizo ni hatamu. Kinyozi alitujia na mashine ya kunyolea ingali mkononi. Fundi akapotelea nyuma ya mbao, eti anatafuta skrubu, na mimi nikaachiwa msala. Jioni ile ndipo ulipomuuliza Mwalimu, naye akatoa FRESHNESS, ule unadhifu wa mtu aliyetoka kuoga. Tukang'oa A, tukaongeza F, E na S moja. Siku hizi kinyozi anajigamba kwamba alilibuni yeye.

Ndivyo simu zetu zilivyo, Mama. Unaniuliza herufi, nakutajia. Unanipa maneno, tunacheka, mapumziko yako yanakwisha. Tumekuwa hodari wa kuwatafutia watu wengine maneno. La kwetu likifika mdomoni, mmoja wetu anataja herufi nyingine. Kuna siku nakutajia hata ambazo hazipo ukutani, ili tu usikate simu.

Wiki iliyopita uliniuliza kama utie saini mkataba mwingine, kwa sababu wakubwa wako wanataka kukubakiza. Nikakujibu ufanye uonavyo vyema, halafu haraka haraka nikakupa K, B na T. Ukanipa BLANKET, tukaagana. Hilo halikuwa jibu. Jibu langu liko humu.

Bibi hanitambui tena. Kwenye simu nilikuwa nakwambia ni uzee tu, mara kasahau ufunguo, mara kasahau chumvi. Daktari amemwona. Anasema kumbukumbu zinaondoka kidogo kidogo, na zilizoondoka hazirudi. Jioni moja nilikuwa navua viatu mlangoni, akaniita Kasuku. Nilidhani amekukumbuka wewe, maana hilo jina lako la utotoni hajapewa mtu mwingine. Kumbe alikuwa akiniita mimi. Nikamwambia mimi ni mjukuu wako, Bibi. Akalia, akataka kujua kwa nini nimemfichia Kasuku wake. Kesho yake aliponiita tena, nikaitika.

Basi tangu siku hiyo naitika. Nikitoka kazini ananipapasa mashavu, ananigombeza kwa kukaa mbali muda wote huu, ananiambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kisha ananikalisha miguuni pake anasuka nywele zangu, akidhani ni zako. Ana furaha ambayo sijamwona nayo tangu uondoke, na mimi nafurahi naye. Lakini nakaa pale nikijua nakula chakula ulichoandaliwa wewe, na kinanikwama.

Juzi alikuwa katikati ya kusuka, vidole vikasimama. Akaniuliza, Kasuku, yule mtoto wako yuko wapi, mbona siku nyingi hajaja kunisalimia. Nikamjibu kwamba mtoto yupo, ni mzima, ila anamngoja mama yake. Bibi akanisukuma begani, akasema, sasa unakaa hapa unafanya nini, mwendee mwanao.

Mama, usitie saini. Najua umeyabeba mengi kwa ajili yetu, na sikulaumu hata kidogo. Sikuiti kwa sababu ya Bibi peke yake, wala sitaki ujidanganye hivyo. Nakuita kwa sababu nina hamu na wewe. Nataka kusikia unavyokohoa chumba cha pili, nataka unigombeze kwa jina langu. Nimekuwa mtu mzima, nina kazi, watu wananiita dada, na bado nikifika nyumbani nakutafuta.

Fundi anakusalimu sana, anasema kamusi ameifungia kabatini. Kinyozi pia. Salamu za Bibi usizitarajie, maana kwake yeye ulisharudi. Anayekungoja nimebaki mimi.

Ni mimi,
mwanao wa pekee.