Mama Yuko Chini ya Meza

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu Nati karudi kutoka chekechea kanuna. Walicheza baba na mama. Yeye ndiye mama, basi akajilaza chini ya meza na kijiko mkononi — anakaza boliti! Wenzake wakamcheka. Eti mama hafanyi hivyo, mama anapika. Rafiki yake Mapengo akamtoa mchezoni. Nimecheka hadi machozi. Nati hakucheka. Alikuwa anatazama kucha zangu zenye grisi.

Jumatano, 5 Machi

Ameniomba nisimfuate shuleni na ovaroli ya gereji. Nivae gauni, niwe mama wa kweli. Loo! Imenichoma. Ovaroli hiyo hiyo niliivaa na mimba yake, hadi vifungo vikagoma! Baba yake akauliza kutoka kwenye cherehani: na yeye je, anayeshona magauni kutwa nzima? Nati akafikiri. Baba hana shida, akasema, wenzake hawajamwona.

Nimevaa gauni.

Ijumaa, 7 Machi

Gari la mwalimu limegoma kuwaka getini! Njia imezibwa, wazazi wanapiga honi, mwalimu anafungua boneti na kuifunga tena. Mimi pembeni, na gauni langu. Nilimwahidi mtoto. Nati akanitazama, akalitazama gari, akanitazama tena. Uzalendo ukamshinda — mwalimu apishe, mama yake ni fundi! Kwa sauti ya kupasua masikio. Ah, moyo wangu!

Gauni fundo kiunoni, mimi huyo chini ya gari. Waya wa starta umelegea tu. Na spana ilikuwa mkobani. Gauni nilikubali, spana siiachi. Gari likanguruma, watoto wakashangilia. Mapengo akachuchumaa kuona nafanya nini huku chini.

Nina furaha hadi naona haya.

Jumatatu, 10 Machi

Ovaroli leo, kwa amri ya Nati! Nimewahi, naandika hapa kwenye benchi chini ya dirisha. Ndani kila meza imetoa miguu ya watoto. Chekechea nzima ni kina mama! Mapengo anadai spana. Jikoni hakuna mtu, wanasesere watakufa njaa.

Kamtoto ka muuza duka kanaomba nako kawe mama. Nati, mikono kiunoni: haiwezekani, wewe mvulana! Mh. Bosi amepatikana. Kenyewe kanauliza, mbona mama yako anafanya kazi ya kina baba? Nati kageukia dirishani.

Kaniona. Anakuja mbio kuniuliza swali hilo hilo — na kamshika yule mvulana mkono —