Rozari Kwenye Diski za Breki

Kashaulili,
Mpanda.
16 Aprili 2024.

Mpendwa mdogo wangu Kasilda,

Pokea salamu za kaka yako mwenye bahati kuliko wanaume wote wa Katavi. Hujambo huko Tabora? Gideon mchumba wako kapona mafua? Sisi wazima, na mama huko Usevya anakula ugali kama kijana. Mimi ndiyo usiseme. Noah yangu imevaa diski mpya za breki, za dukani, zimetoka kwenye boksi na nailoni yake. Zilikuwa za mwisho Mpanda nzima, zikaniangukia mimi. Siku ya harusi nakupokea stesheni, nakupeleka kanisani Usevya kama mke wa balozi.

Nimeandika barua maana kwenye simu vocha ingeisha nikiwa bado nafoka. Nina hasira na Enoka, mume wa dada yetu Romana, yule fundi wa kuchomelea madirisha.

Nilimwachia gari anibadilishie pedi za breki tu. Kumbe kaona kwenye simu magari ya mashindano, diski zake zina matundu ili zipoe haraka. Basi akazifungua za kwangu nyuma ya jiko lake, akazitoboa kwa drili ya madirisha. Tena hakutoboa hovyo. Alitoboa kumi kumi, kama rozari, na msalaba wake, eti hata kiboko akikatiza pale Sitalike gari litasimama kwa imani. Mimi nimetembea, nimefika Tunduma mpaka Lubumbashi, sijaona mtu anasalisha breki.

Marsela wa duka la spea alimwonya. Alisema za matundu zinatoka kiwandani hivyo hivyo, zimepimwa, na chuma chake siyo hiki chetu. Enoka akamjibu kwamba kiwandani nako ni watu tu.

Tukaenda kujaribu, mimi na yeye, barabara ya Kibaoni. Ng'ombe wakakatiza. Nikakanyaga, pedali ikatetemeka, ukasikika mlio kama bati linachanwa, tukaishia kwenye jaruba la mpunga. Diski imepasuka kutoka tundu hadi tundu, rozari nzima. Hatukuumia. Enoka, matope mpaka kwenye nyusi, akanigeukia.

"Shemeji, si limesimama lakini?"

Nilitaka kumzamisha pale pale. Kasilda, kiti cha nyuma kilikuwa kiwe chako siku ya harusi, na shela yako, na mama pembeni. Hicho ndicho kinanichoma, siyo gari. Romana analia kila akiniona. Nimemwambia mumewe nitamsamehe, ila asiguse hata baiskeli yangu.

Nisalimie Gideon na shangazi Emerensiana. Mungu awanyooshee njia nyie wawili, na pa kusimama awasimamishe.

Ni mimi kaka yako, nakupenda hata nikiwa nimenuna,
Sospeter

N.B. Zile diski mpya ni uongo. Marsela hana za Noah, gari liko juu ya matofali. Tafuta gari lingine la kukupeleka kanisani.