Kwa Nini Mama Hatapanda Ghorofani Kwako

Chumba cha Mitambo,
Juu kabisa, karibu na matangi ya maji.
Jumapili, mvua inanyesha.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa mamlaka niliyopewa na kuzaliwa kwanza, natangaza kustaafu kwa simu ya Mama ya vitufe. Imeitumikia familia hii kwa uaminifu, imeanguka kwenye ndoo, imekaliwa na wageni, na kioo chake kimeshikiliwa kwa plasta ya kidonda. Sasa imelazwa kwenye kabati la vyombo, imeviringishwa kitambaa cheupe. Wanafamilia mnaombwa kuwa watulivu.

U hali gani lakini? Shemeji je, mgongo umemwachia? Sisi huku wazima, ukiondoa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Wifi yako anasema tatizo si goti, ni mzigo liliobebeshwa. Nimeshazoea kudhulumiwa.

Umeuliza tena kwa nini Mama hataki kuja kuishi nawe, wakati chumba umeshampambia na tiketi umeshakata. Ukaandika, kwa ule uwakili wako ulioanza ungali unatambaa, kwamba labda kuna mtu huku anamng'ang'ania kwa sababu amezoea kupikiwa. Mtu huyo ni mimi, nimejitambua. Nitakujibu. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu nikishika simu Mama huja kukaa karibu, na haya sitaki ayasikie. Ila niache nianze mbali.

Unaikumbuka simu ya kwanza tuliyowahi kuiona? Ile ya mkandarasi, nzito kama tofali, aliyokuwa akibebewa na dereva. Hicho ndicho kizazi cha kwanza: sauti tu, tena ya kukoroma. Kikaja cha pili, kikatuletea ujumbe wa maandishi na kubipu. Wewe ndiye uliyekuwa bingwa wetu wa kubipu. Mlio mmoja, unakata, halafu unajikalia ukisubiri maskini wenzako wakupigie. Cha tatu kikaleta picha zilizofunguka polepole kuanzia nywele. Zikifika kidevuni, salio kwisha. Cha nne kikaleta video, Mama akakuona unatembea jikoni kwako, akasema umekonda. Sasa tuna cha tano, ambacho mpwa wako anakisifia kana kwamba yeye ndiye aliyekizaa.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba nafasi ya mawimbi hewani haiongezeki. Kizazi kipya kikija, cha zamani huinuliwa kikaachia kiti. Kampuni ya simu ilitutumia ujumbe kwamba mtandao wa kizazi cha pili unazimwa, wenye simu za zamani wabadilishe. Wewe ukamtumia Mama simu ya kioo, tukakushukuru, tukaona tumemaliza.

Kumbe kuna vitu vingi, mdogo wangu, vinavyopiga simu vyenyewe. Jokofu la dawa kule zahanati, linalomwita muuguzi likipata joto. Pampu ya maji ya mtaa. Kengele ya wezi ya sonara. Ndani ya kila kimoja kuna kiboksi chenye laini ya simu ya kizazi cha pili, kilichofungwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi. Vyote vilikufa siku moja, na taa zao za kijani zikaendelea kuwaka. Tangu nilipolijua hilo, nikipita barabarani nikaona taa ya kijani ukutani, nasimama kuuliza ilijaribiwa lini.

Na lifti ninazozitunza nazo zilikuwa na viboksi hivyo.

Sasa nakuomba upokee salamu hapa hapa katikati, maana nikishasema la kusema sitakuwa na mkono wa kuandika salamu. Wifi yako anakusalimu, na watoto wanamsalimu shangazi yao. Baba Mdogo anasema bado anasubiri zile soksi. Yule jirani yetu fundi cherehani, Bibi Sindano, anauliza kama huko mnavaa nguo au mnavaa mablanketi. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe usingizi mzuri, na akupe moyo wa kusoma yanayofuata mpaka mwisho.

Tulikwambia Mama aliugua homa. Hakuugua homa.

Kila lifti ina kitufe cha dharura. Ukikibonyeza, simu inapigwa kwa dada wa mapokezi pale ofisini kwetu. Kazi yetu mafundi ni kukijaribu. Lakini dada yule alichoka kupokea simu zetu. "Nyie mnanipigia mkiwa wazima, mkikwama je?" Basi tukazoea kubipu. Unabonyeza, unasikia mlio, unakata kabla hajapokea, unaendelea na lifti nyingine. Wote tulifanya hivyo, na mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu. Kumbe ule mlio ulikuwa unatoka kwenye kiboksi chenyewe. Mtandao uwepo usiwepo, kitalia vile vile.

Siku ile ilikuwa sikukuu. Mama alikwenda kuchukua miwani yake kwa daktari wa macho, ghorofa ya juu ya jengo ambalo mimi ndiye fundi wake. Alikuwa wa mwisho. Daktari akafunga, akashuka kwa ngazi. Mama akaingia kwenye lifti. Ananijua mimi ndiye ninayezitunza, na zile za kwangu hajawahi kuziogopa.

Umeme ukakatika. Jenereta ya jengo ilikuwa imefunguliwa, iko vipande vipande sakafuni. Kengele ya lifti ilikuwa imekufa zamani, na hatukuhangaika nayo kwa kuwa simu ipo. Ile simu ya kioo aliijaribu, lakini ndani ya sanduku la chuma haikushika mtandao wowote.

Mimi nilikuwa pale pale, chini, kwenye kibanda cha mlinzi, nakunywa chai. Nilikuja kuangalia jenereta. Mlinzi, mtu wangu sana, akaniuliza:

"Fundi, huendi kuangalia lifti?"

"Nipande ngazi zote hizo na goti hili? Kungekuwa na mtu, angeshapiga."

"Labda hajui kupiga."

"Kitufe kimoja tu, bwana wee. Hata wewe ungeweza."

Tukacheka. Nikaongeza chai. Tukazungumza mpira mchana kutwa, na Mama yuko juu ya vichwa vyetu.

Umeme ulirudi jua likizama. Nikasikia lifti inashuka yenyewe, nikasimama niitazame kwa sababu ya kazi tu. Milango ikafunguka. Mama alikuwa ameketi sakafuni, viatu amevivua amevipanga pembeni, kanga ameitandika chini kwa sababu alishindwa kujizuia, na mdomo ameuegemeza kwenye vile vitundu vya spika. Alikuwa anaongea, sauti imekauka. Hakuwa analia wala kuomba msaada. Alikuwa ananiambia mimi nisikimbie kwenye ngazi, nisije nikaumia, yeye atasubiri. Alisikia mlio, akaamini nimepokea.

Akaniona nimesimama mbele yake na kikombe mkononi. Akatazama spika, akanitazama mimi.

"Kumbe ulikuwa hapa," akasema.

Siku hizi anaoga mlango wazi, wifi yako amesimama nje kumwangalizia. Analala mlango wazi. Wewe unakaa ghorofa ya ishirini, na hawezi kukwambia anachokiogopa, kwa sababu akikwambia itabidi akwambie pia nilikuwa wapi.

Hakuna anayemng'ang'ania. Ananisitiri mimi. Rudisha tiketi, au tafuta nyumba ya chini, kisha umpigie mwenyewe, umwambie nimeshakueleza.

Ni mimi, kaka yako akupendaye,
Spana