Kumbe Namba Tano Nimekaa Mimi

Basi dada Minza, pale simu ilipokata nilikuwa nimefika kwenye ule mshale. Ukaniuliza mshale gani tena, ikakata, nikapiga mara nne naambiwa hupatikani, nikajua umeshashuka kilimani na mtandao umeuacha huko huko juu. Nimeona bora niandike. Mama Rehema, jirani yangu wa hapa Igogo, anakuja huko Urambo kwenye msiba wa shemeji yake, atakuletea mkononi, na barua haiishi salio.

Shikamoo lakini. Nimeanza na maneno kabla ya salamu, unanijua mdogo wako. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliimaliza au umeigawa kama kawaida yako? Mama anakula vizuri? Huko mvua imeshuka au bado mnatazama mawingu? Huku sisi wazima, mvua tunayo ya kumwaga, na hiyo mvua ndiyo iliyoleta haya yote.

Ngoja nianzie mwanzo usije ukapotea. Si unajua nakaa kwa Madam Winnie, napika, nafua, akisafiri nalinda nyumba, mwaka wa tatu sasa. Kazi yake ni kuchora majengo. Hachori na penseli, anachora ndani ya kompyuta, ile kubwa ya mezani, ina sanduku lake kama kreti la soda, haibebeki. Akisafiri anachukua nyingine ndogo ya kukunja, ila hiyo ndogo haina nguvu ya kufungua ile michoro. Sasa anachofanya, akiwa huko huko aliko anaingia kwenye ile kubwa iliyobaki hapa nyumbani, anafanya kazi kama vile amekaa kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa namsikia anasema nimeingia kwenye kompyuta ya nyumbani, nikadhani ni maneno tu ya wasomi.

Wiki iliyopita akaenda Dodoma. Kuna zahanati ya wazazi itajengwa kisiwani huku ziwani, na wachoraji wanaoitaka kazi hiyo ni wengi. Wakubwa wakawaambia kila mmoja ana kitu cha kurekebisha kwenye mchoro wake, na mwisho wa kupokea ni Alhamisi saa sita mchana. Ukichelewa, umejitoa mwenyewe. Dada, Madam ameihangaikia kazi hiyo miezi na miezi, chai ninayompelekea inapoa mbele yake hajaigusa. Wenzake wana ofisi zenye ghorofa, yeye ana chumba cha nyuma na mimi.

Jumatano mchana likaja wingu kutoka ziwani. Radi za huku si kama za kwetu, zinakuja juu ya maji, zikifika mjini miamba yote inaitikia. Nikafanya alivyotufundisha mama. Kioo cha kabati nikakifunika kanga, sufuria zinazong'aa nikaziingiza ndani, blauzi nyekundu nikaivua, nikachomoa kila kilichochomekwa ukutani. Tivii, friji, kompyuta ya Madam, na kile kisanduku cheupe chenye mapembe mawili kinachogawa intaneti nyumba nzima, wenyewe wanakiita rauta. Nikakaa chini sakafuni nimekunja miguu mpaka ikapita. Nikajiona mlinzi kamili.

Ilipotulia nikarudisha rauta kwanza. Nikwambie ukweli, ni kwa ajili ya ile simu yangu kubwa. Kulikuwa na harusi imevunjika Buzuruga, mke mkubwa katokea kanisani na vyeti mkononi, watu wanarushiana picha, nikaona nitapitwa. Kompyuta nikaichomeka baadaye sana, jua lilipotoka. Hiyo inajiwasha yenyewe umeme ukirudi, nikafunga mlango nikaondoka.

Alhamisi saa tatu asubuhi Madam anapiga. Anasema toka saa moja anajaribu kuingia kwenye kompyuta na haingiliki.

"Mama Shija, kuna kitu umegusa?"

"Sijagusa kitu, Madam."

Dada, sijui ulimi ulitoka wapi. Aliniambia siku ya kwanza kabisa, meza ile usiiguse, hata vumbi pitisha kitambaa pembeni tu. Nikaogopa. Neno likatoka, likakaa.

Akanipa fundi wake, Deus, ndiye aliyeifunga mitambo yote ile. Ni yule niliyekwambia anamtazama mwalimu wa chekechea wa jirani yetu kama mbuzi anavyotazama shamba la watu. Siku hiyo alikuwa Kisesa, juu ya paa la duka, anafunga kamera, hawezi kushuka akaja. Akaniuliza taa za rauta zina rangi gani, nikamwambia zote kijani. Waya wa kwenda kwenye kompyuta umekaza? Umekaza. Kompyuta inawaka? Inawaka. Basi, akasema, kama hakuna aliyegusa kitu, tatizo halipo humo ndani, liko kwa hao wanaotuuzia intaneti.

Madam akaanza kuwapigia hao. Wanamwekea muziki. Wakipokea wanasema kwao shwari. Anapiga tena, muziki tena. Saa nne ikapita. Mimi nimekaa jikoni nachambua mchele ambao nilishauchambua, kila punje naiona inaniangalia. Najua nilichofanya na sijui kama ndicho kilichoharibu, na mtu wa kumuuliza ni yule yule niliyemdanganya.

Saa tano kasoro akapiga mwenyewe. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Akasema taratibu kama mtu anayekunja nguo, "Mama Shija, basi. Naona imeshindikana. Nashukuru kwa kusumbuka."

Nikasema, "Madam, nilichomoa. Jana radi ilipiga, nikachomoa vyote."

"Na rauta?"

"Na rauta."

Nikasikia anavuta pumzi. "Mpigie Deus. Sasa hivi."

Deus, wewe, badala ya kunitukana akacheka huko juu ya paa. Akaniambia, mama, rauta ni kama mapokezi ya gesti. Kila chombo kinachotumia intaneti humo ndani kinapewa namba ya chumba. Kompyuta ya Madam ilikuwa namba tano siku zote, na mapokezi nimewaachia maagizo, Madam akibisha hodi kutoka nje, apelekwe namba tano. Wewe ulipochomoa, wote wakatoka vyumbani. Ulipowasha, aliyewahi kurudi ndiye aliyepewa namba tano. Sasa kaa kwenye kiti cha Madam tumtafute nani yuko humo.

Nikakaa, dada. Kile kiti nilikuwa nakifagilia chini yake tu. Kile kisimu changu cha tochi nimekibana kwa bega, Madam keshanitajia paswedi herufi moja moja nimeiandika nyuma ya risiti ya dukani, na mimi darasa la tatu sikumaliza. Halafu herufi za kompyuta wamezitawanya kama karanga kwenye mkeka, unaitafuta A unaikuta pembeni imejitenga. Nilibonyeza kwa kidole kimoja, jasho linanitoka. Deus ananiongoza, andika namba hii, weka nukta, namba nyingine, bonyeza pale. Likafunguka daftari la rauta yenyewe. Akasema nisomee majina.

La kwanza tivii. Kompyuta ya Madam, namba saba. Na namba tano, dada Minza, namba tano pameandikwa KABULA.

Jina langu. Ndani ya kile kisanduku. Fundi aliyeniuzia ile simu yangu kubwa aliiandika jina langu, na nikiingia humu ndani kisanduku kinajua Kabula amefika, kinampa chumba. Sijawahi kuandikwa popote zaidi ya kadi ya kliniki na daftari la kanisa, kumbe huku naandikwa kila siku na hakuna aliyeniambia.

Nikamwambia, "Deus, namba tano nimekaa mimi."

"Nilishajua, mama. Toka asubuhi Madam anagonga na mapokezi wanamleta kwenye simu yako."

Na mimi nilikuwa natazama harusi.

Akanielekeza nifungue yale maagizo aliyowaachia mapokezi. Pale penye tano nifute, niandike saba. Namba moja tu. Nikaandika saba, nikabonyeza pa kuhifadhi, akasema sasa ondoa mikono, anampigia Madam ajaribu. Saa ya ukutani inasema saa tano na dakika ishirini. Nikaikalia mikono yangu kabisa.

Hapo ndipo mshale sasa, ule niliofikia simu ilipokata. Kuna kamshale keupe kwenye kioo cha kompyuta, kanafuata mkono wa mtu akisogeza ile mausi. Mausi iko mezani imetulia, hakuna anayeigusa, na kamshale kakaanza kutembea. Kakaenda juu, kakasita kidogo, kakashuka, kama mtu anayeingia chumbani gizani akitafuta swichi. Nikajua ni yeye. Dada, ni mwendo wake kabisa. Hata akitembea ndivyo alivyo, anasita kwanza halafu anakwenda moja kwa moja. Kisimu kikaita, nikakiweka spika mezani, nikaikalia mikono tena.

"Mama Shija, upo hapo?"

"Nipo, Madam."

"Usiguse mausi."

"Mikono nimeikalia."

Akafungua mchoro. Nyumba nzima ikatokea imekatwa juu kama boga, unaona vyumba vyote. Akakikuza chumba cha kujifungulia, akaushika mlango, akaanza kuuvuta. Ukuta ukasogea. Nikauliza unafanyaje huo mlango, akasema wametaka uwe mpana, kitanda cha mgonjwa kipite bila kukigeuza.

Nilikukumbuka wewe, na ujauzito ule wa Kulwa na Doto, tulivyokubeba kwenye kile kitanda cha kamba usiku mzima na kufika zahanati mlango ukawa mwembamba. Wakakuinamisha ubavu kama kabati. Bado nasikia ulivyolia. Na sasa nimekaa Igogo, mwanamke yuko Dodoma, anasukuma ukuta wa nyumba ambayo haijajengwa bado, kisiwani, ili mtu nisiyemjua apite amelala. Hakuna mkono chumbani, hakuna kelele, ukuta unasogea tu. Mungu ana mambo, na watu amewapa mambo. Nilitamani kuvua kandambili.

Alituma saa sita kasoro dakika saba. Deus alikuja kesho yake akaifungia kompyuta namba yake, hata nikichomoa mara mia hakuna atakayemchukulia chumba, na akasema na ule mlango wa nje wa rauta atauongezea kufuli. Akaniambia kuchomoa nilifanya sawa, radi ingeunguza vyote. Kilichotaka kumkosesha Madam kazi ni lile neno moja, sijagusa. Nimelibeba, sina la kujitetea.

Majibu ya ile zahanati hayajatoka bado, Madam alisema wangewaambia leo kabla hawajatawanyika, na jioni hii ndiyo anarudi na ndege. Nimepika sato na ugali, mwenzio silali wala sili.

Nisalimie mama, mwambie kanga nitamletea Pasaka. Msalimie shemeji na tumbaku yake, na kaka mkubwa anayekaa na ng'ombe mwambie apunguze ukali kwa mkewe, nimesikia. Wifi mfuma mikeka mwambie ule wa rangi mbili Mama Rehema ameupenda. Na yule bibi mkunga aliyekupokea watoto wako, mwambie nam

Dada, gari liko getini. Ananiita na hata mlango wa gari hajafungua, Mama Shija, Mama Shija, wamenipa! Anasema niwashe ile kompyuta kubwa, kazi inaanza leo. Nakwenda.

Kabula wako